Aulizwe Amepita Njia Gani

Alhamisi hiyo, baada ya sala ya alasiri, Mwasiti alikuwa amechuchumaa nyuma ya ukuta wa matete, jicho lake limebanwa kwenye upenyo. Ng'ambo ya ukuta, uani kwa baba yake, farasi mdogo alikuwa akikaguliwa. Lakini Mwasiti hakuwa akimtazama farasi.

"Farasi iko upande ule," shangazi yake Mwamini akamnong'oneza. "Wewe unatazama mwenye farasi."

"Natazama wote wawili, shangazi."

"Haya. Basi niambie farasi ana rangi gani."

Mwasiti akavuta ushungi mpaka mdomoni kuficha tabasamu lililomtoka bila ruhusa. Lilikuwa tabasamu fupi. Moyo ulikuwa ukimwenda mbio tangu asubuhi, na hata sala haikuutuliza.

Mwenye farasi alikuwa Kassimu. Miaka mitatu alikuwa njiani na misafara ya Tabora, na tajiri wake wa huko, alipokosa cha kumlipa, alimpa mtoto wa farasi aliyefiwa na mama. Kassimu akamlea kwa maziwa ya ng'ombe. Sasa alikuwa amemleta Rumonge amuuze, na sababu ya kumuuza ilikuwa imekaa nyuma ya matete, mikono yake imeshikana kwa jasho.

Kwa maana baba yake Mwasiti, Mzee Amuri, alikwisha sema neno lake tangu zamani: "Mtu wa njia simpi binti. Awe kwanza na paa lake na mlango wake hapa hapa Rumonge, ndipo alete mshenga." Na Mzee Amuri hakuwa mtu wa kurudi nyuma ya neno. Alikuwa dalali. Tangu Magara mpaka Nyanza, ng'ombe au punda hakubadili mwenyewe bila yeye kusimama katikati. Mali yake ilikuwa ni jina lake, basi. Watu wa pwani ile ya ziwa walikuwa hawajasahau dalali mmoja wa Magara aliyepitisha ng'ombe mgonjwa. Hakupigwa wala hakufungwa. Waliacha tu kumwitikia salamu, na mwisho akahama na watoto wake.

Farasi akiuzwa leo, Kassimu angeweza kuanza nyumba, na mshenga wake angekuja usiku huu huu. Asipouzwa, kesho ilikuwa Ijumaa, na baada ya sala ya Ijumaa posa ya mtu mwingine ilikuwa inakuja.

Na mtu huyo mwingine ndiye aliyekuwa mnunuzi.

Bwana Abdulhamid, mfanyabiashara wa mawese na ndagala, dagaa wa ziwani, alikuwa akimzunguka farasi, mikono nyuma, kanzu yake nyeupe ikiwa haina hata doa. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mjane, mpole kwa maskini, mwenye mzaha. Hakujua kwamba Kassimu anampenda Mwasiti. Alijua tu kwamba pwani nzima, ukiacha nyumbu wa Wadachi wa boma la Usumbura, hakuna Mwislamu aliyewahi kupanda mnyama kama huyu kwenda msikitini.

"Anaelewa Kiswahili," akauliza, "au nimsemeshe Kinyamwezi?"

Wazee wawili waliokuja kuwa mashahidi wakacheka. Kassimu hakucheka.

"Umri wake?" akauliza Mzee Amuri.

"Amepita miaka miwili na nusu, mzee. Mtazame meno. Haya mawili ya mbele ameyabadili juzi juzi, haya ya pembeni bado ni ya utotoni."

Mzee Amuri akafungua kinywa cha farasi kwa dole gumba, akatazama, akaguna. Akapitisha kiganja kwenye mguu, toka bega mpaka ukwato, polepole, kama mtu asomaye.

"Amewahi kubebeshwa mtu?"

"Mimi tu. Na si kwa safari ndefu."

"Huinua mguu ukimwambia?"

Kassimu akagusa goti la farasi, na farasi akatoa mguu. Bwana Abdulhamid akapiga kofi moja la furaha.

"Ngoma je? Zikipigwa za harusi hatanitupa chini mbele ya watu?"

Wazee wakacheka tena. Nyuma ya matete, Mwamini akamfinya Mwasiti pajani. "Umesikia harusi anayoisema?"

"Nimesikia."

"Na kwa nini unamuuza?" Mzee Amuri akauliza. Lilikuwa swali la kila siku, humwuliza kila muuzaji, lakini safari hii hakumtazama farasi alipoliuliza. Alimtazama Kassimu.

"Nataka kujenga, mzee."

"Ujenge wapi?"

"Hapa. Rumonge."

"Mtu wa njia amechoka na njia!" Bwana Abdulhamid akasema.

Kassimu akainua macho, yakaja moja kwa moja kwenye matete, kana kwamba ukuta haupo. Mwasiti akahisi joto likimpanda shingoni. Macho yale hayakukaa. Yalirudi haraka chini, kwenye kamba aliyoishika, na kidole chake kikaanza kuiviringa, kuifungua, kuiviringa tena.

Mwasiti alikijua kidole kile. Kassimu hufanya hivyo anapoogopa. Anaogopa nini, naye amejibu kila kitu vizuri?

"Na njia," Mzee Amuri akaanza, "amepita..."

"Njia ya nini, mzee?" Bwana Abdulhamid akamkata. "Mashua ya Ujiji ilitia nanga mbele ya ghala langu. Mizigo ya huyu kijana niliiona kwa macho yangu ikishushwa. Mnyama aliyekuja juu ya maji ana njia gani?"

"Kweli," akasema mzee mmoja. "Juu ya maji hakuna mbung'o."

Mzee Amuri akafikiri kidogo, akakiri kwa kichwa, akaendelea na swali la chakula chake. Kidole cha Kassimu kikasimama.

Ndipo Mwasiti alipoelewa.

Jana alikuwa mtoni na Mwamini, wanafua. Shangazi alikuwa mbali kidogo, akipigapiga nguo juu ya jiwe, na Kassimu akashuka kumnywesha farasi. "Amahoro, Mwasiti," alisema, kwa sauti ile ambayo miaka mitatu alikuwa akiisikia usingizini. Wakasimama kila mtu ukingo wake, maji yakipita kati yao.

"Mwenye mashua alichukua mizigo tu," Kassimu alimwambia. "Farasi akamkataa. Nikaja naye kwa miguu. Njiani nikasikia habari ya Ijumaa. Mwasiti, sikungoja usiku. Kichaka cha Kabonga nimekipita jua likiwa utosini, nikikimbia kama mwehu, ili nikuwahi."

Alivyoyapenda maneno yale! Usiku kucha aliyarudia kama tasbihi. Amekimbia kwenye jua kali kwa ajili yangu. Hakuna sehemu ya moyo wake iliyokumbuka kitu anachokijua hata mtoto wa pwani ile: kwamba kichaka cha Kabonga ni cha mbung'o, kwamba mbung'o huuma mchana na hulala usiku, na kwamba mwenye mnyama hungoja giza, hata kama ana haraka, ndipo avuke. Mnyama aliyeumwa haonyeshi kitu mara moja. Hula, huruka, hung'aa. Kisha macho hutoa machozi, tumbo huvimba kwa chini, hukonda huku anakula, na mwisho huanguka.

"Shangazi," akanong'ona. Kisha akajizuia.

Sema, Kassimu. Ya Rabi, mfungue ulimi. Aseme mwenyewe.

Mzee Amuri alikuwa amekunjua shuka nyeupe. Huo ndio ulikuwa mtindo wake wa kazi, kama wa baba yake kabla yake: mnunuzi na muuzaji huingiza mikono chini ya shuka, na dalali kati yao, wakapatana bei kwa kubonyezana vidole, ili maskini asiaibike na tajiri asijisifu. Wakisha patana, dalali huitoa shuka, huinua mikono na kusoma Fatiha. Baada ya Fatiha hakuna kurudishiana. Dhamana iliyobaki hapo ni jina la dalali.

"Bismillahi," akasema Mzee Amuri.

Mikono mitatu ikaingia.

"Shangazi, peleka neno."

"Neno gani? Wanaume wako kwa biashara."

"Aulizwe amepita njia gani. Na saa ngapi ya siku."

Mwamini akamgeukia. Alikuwa mwanamke mnene, mcheshi, asiyejua kukaa kimya, lakini sasa alikaa kimya. Akamtazama Mwasiti usoni, kisha akachungulia kwenye upenyo, akamwona Kassimu anavyotoka jasho, akaelewa yote kwa mara moja.

"Mutoto wangu," alisema polepole, "ukiuliza hivyo, unajua unabomoa nini?"

"Najua."

"Nyumba yako mwenyewe. Kabla ya kujengwa."

"Najua, shangazi. Nisipouliza nabomoa ya baba."

"Labda farasi hakuumwa."

"Labda. Basi aseme yeye hiyo labda, si mimi niimeze."

Nje, Bwana Abdulhamid alitabasamu. Mabega ya Mzee Amuri yalilegea kama yanavyolegea bei inapokaribia. Kassimu alikuwa amefumba macho. Midomo yake ilitikisika, na Mwasiti hakujua kama anaomba dua au anajaribu kusema.

"Shangazi, nakuomba kwa Mungu!"

Mwamini akakohoa kikohozi cha kumwamsha mfu.

"Kaka! Huku nyuma iko neno."

Wanaume wote wakageuka. Katika ua ule, sauti ya mwanamke haikuwahi kuingia katikati ya shuka.

"Lingoje," akasema Mzee Amuri.

"Halingoji, kaka. Linasema farasi aulizwe amepita njia gani, na saa ngapi ya siku."

Mzee Amuri hakuitoa shuka. Alibaki ameishika mikono ya wote wawili chini yake, na Mwasiti aliona jinsi alivyokaza.

"Swali ni zuri," akasema. "Lilikuwa langu, nikaliacha lipite. Kassimu, jibu."

"Mizigo ilikuja kwa mashua, mzee."

"Sikuuliza mizigo."

Farasi akapiga mkia.

"Nimekuja naye kwa nchi kavu," akasema Kassimu. "Kwa Kabonga."

"Usiku?"

"Mchana."

Mmoja wa mashahidi akasema, "La ilaha illallah."

"Wamemgusa?" Mzee Amuri akauliza. Sauti yake haikupanda hata kidogo, na hilo ndilo lililotisha.

"Wamemgusa. Nilikuwa nawaua shingoni mwake kwa kiganja. Kiganja kilijaa damu."

Bwana Abdulhamid akauchomoa mkono wake kwa nguvu, shuka ikaanguka mavumbini. "Wewe! Ulikuwa tayari kuchukua mali yangu na unajua unaniuzia mzoga!"

"Hakuna aliyeniuliza, bwana."

"Hilo ndilo jibu la Mwislamu?"

"Hapana," akasema Kassimu. Uso wake ulikuwa wa kijivu. "Si jibu. Ndilo nililokuwa nikijiambia tangu jana. Nasali nalo, nalala nalo, na kila nikilisema linakuwa dogo."

"Miaka yote hiyo njiani," Mzee Amuri akasema, "umevuka vichaka vingapi? Hukujua kungoja giza? Ni nini kilichokukimbiza?"

Kassimu akatazama matete. Hakutaka, lakini shingo yake iligeuka yenyewe.

"Nilisikia habari za kesho, mzee."

Bwana Abdulhamid akamtazama Kassimu, akautazama ukuta, akamtazama tena Kassimu. Tabasamu lililokuwa limebaki likamtoka usoni taratibu.

"Za kesho," alisema. "Kesho yangu mimi?"

Kassimu akainamisha kichwa.

"Sawa." Akajifuta mikono, akanyoosha kanzu. "Basi zisingoje kesho. Mashahidi wapo, baba yupo, na binti yupo nyuma ya matete. Mzee Amuri, mimi sina la kuficha chini ya shuka wala juu yake. Mwulize sasa hivi."

"Bwana Abdulhamid, hasira..."

"Si hasira. Mwulize, mzee. Nakuomba kwa heshima."

Mtu akiomba kwa heshima mbele ya mashahidi, atanyimwaje? Mzee Amuri akaja mpaka kwenye ukuta, karibu sana, Mwasiti akaiona pumzi yake ikitikisa nyuzi za matete.

"Mwasiti, binti yangu. Bwana Abdulhamid anakutaka kwa ndoa. Unasemaje?"

Mwamini akashusha ushungi wake kutoka mdomoni, tayari kwa kigelegele. Maana mwali aliyeulizwa hajibu. Akinyamaza amekubali, na kimya chake ndicho ndiyo yake. Hivyo ndivyo mama yake Mwasiti alivyoolewa, Mungu amrehemu, na bibi yake kabla yake. Wanaposikia kimya, wanawake hupiga kigelegele, na mambo yamekwisha. Hakuna katika ukoo ule aliyewahi kulijibu swali lile kwa sauti. Wengine pengine walitaka. Ulimi wa mwali hufungwa na aibu, na aibu ina kamba ngumu.

Mwasiti akafungua kinywa, hewa haikutoka. Kimya kikaanza kurefuka. Kila pumzi ilikuwa ikimpeleka kwa Bwana Abdulhamid. Akasikia Mwamini akivuta hewa kifuani.

Ya Rabi, nami unifungue wangu.

"Simtaki, baba."

Sauti ilikuwa nyembamba, lakini ua mzima uliisikia. Mzee mmoja aliinama kama aliyepigwa na upepo.

"Nisamehe, baba. Na yeye anisamehe. Ni mtu mwema, na sina ubaya nitakaousema juu yake. Lakini simtaki."

Mzee Amuri hakuondoa paji la uso wake kwenye matete.

Bwana Abdulhamid akacheka kicheko kifupi kisicho na furaha. "Kinywa kile kile kilichoniokolea mali kimeninyima mke. Nitamlaumu vipi?" Akavaa viatu vyake. Mlangoni akageuka, na sasa uso wake ulikuwa wa mtu aliyechoka tu. "Asalaam aleikum, mzee. Jina lako ni zima. Nitalisema hivyo sokoni."

Mashahidi wakamfuata mmoja mmoja, bila kuagana sawasawa. Kassimu akaokota shuka, akaikung'uta mavumbi, akaikunja, akaiweka juu ya mkeka. Kisha akashika kamba ya farasi.

"Baba," Mwasiti akasema kutoka nyuma ya matete, "niruhusu swali moja kwake."

"Leo umeuliza ya kutosha."

"Moja tu, baba. Baada ya hapo sitauliza tena."

Mzee Amuri hakusema ndiyo. Hakusema hapana vilevile. Kassimu akasimama pale alipo, mgongo wake kwao.

"Kassimu," akasema Mwasiti, "nisingeuliza, ungesema?"

Alijua jibu analolitaka. Na yeye Kassimu alilijua. Neno moja jepesi, na nani angeweza kulipinga? Akageuka. Macho yake yalikuwa mekundu.

"Sijui," alisema. "Tangu mkono wangu uingie chini ya shuka nilikuwa nikijiambia, sasa nasema, sasa hivi nasema. Bei ikawa inakaribia, nami bado najiambia sasa. Namwomba Mungu iwe ningesema. Lakini sijui, Mwasiti."

"Ungeweza kusema ndiyo," akasema Mzee Amuri. "Nani angejua?"

"Mimi, mzee. Ningekuwa nimewauzia mzoga wa pili."

Mzee Amuri akamtazama kwa muda mrefu, kama alivyomtazama farasi, toka bega mpaka ukwato. Farasi alikuwa akisugua paji lake begani kwa Kassimu, hana habari.

"Mpeleke kivulini," alisema mwishowe. "Mpe maji. Afe au apone, hatauzwa na mtu hapa."

"Nimesikia, mzee."

Akaanza kwenda. Mwamini, ambaye alikuwa amenyamaza kupita uwezo wake, hakuweza tena.

"Kaka, na huyu je? Yule ameuliziwa. Huyu hajauliziwa."

"Umerukwa na akili? Hana paa, hana mlango, na mnyama wake huenda akaanguka kabla ya mwezi kuandama."

"Najua hana. Sikuuliza ana nini. Nasema hajauliziwa."

"Nyamaza, Mwamini."

"Nimenyamaza."

Mzee Amuri akarudi kwenye ukuta. Alikuwa amechoka, na alitaka jambo liishe pale pale, kwa sauti ile ile nyembamba iliyomaliza lile la kwanza. "Mwasiti, mwanangu, msikie shangazi yako anavyopayuka. Huyu kijana naye humtaki, sivyo? Mwambie aende zake kwa amani."

Kassimu alisimama mlangoni, mkono kwenye kamba.

Nyuma ya matete hapakutoka kitu.

Mzee Amuri akangoja. Akaweka kiganja juu ya ukuta. "Mwasiti?"

Bado hapakutoka kitu.

"Mwasiti, sema neno." Sauti ya dalali wa Rumonge, iliyozoea kupatanisha wakubwa, ilikatika katikati. "Neno moja tu, mwanangu. Kama lile la kwanza."

Mwamini alikuwa amekwisha shusha ushungi wake. Mwasiti akaiuma midomo yake kwa meno, machozi yakimtiririka mpaka kidevuni, na akaifumba kwa nguvu zake zote.